Kitu Kilichokuwa Ndani ya Damu ya Baba

Baba yangu alilima mpunga Mwea tangu kabla sijazaliwa, nami kazi yangu ni kuchora molekuli. Nasema kuchora kwa sababu sijapata neno lililo bora. Mchana ninafundisha kemia katika chuo kimoja mjini Nyeri. Saa zinazobaki ninazitumia kwa programu ya kompyuta inayochukua vipimo vya mahali ilipo kila atomu ndani ya protini, au ndani ya dawa, na kuvigeuza kuwa umbo ambalo jicho linaliona na mkono unaweza kulizungusha. Programu hiyo haiuzwi. Inatunzwa na watu wachache waliotawanyika duniani, wengi wao sijawahi kuonana nao ana kwa ana, na kila mmoja ana kazi nyingine inayomlisha.

Niliingia humo nikiwa mwanafunzi. Maabara yetu ilikuwa na kompyuta kuukuu, na kila tulipofungua molekuli kubwa programu ilizimika. Nikamwandikia mzee aliyeianzisha, mtu wa nchi ya mbali, kumweleza shida yetu. Nilidhani ataniambia tutafute kompyuta mpya. Badala yake alinijibu kwamba yeye hana mashine mbovu kiasi cha kuiona shida hiyo, lakini mimi ninayo, na kwa hiyo mimi ndiye ninayeweza kuitibu. Akanionyesha sehemu ya kuanzia kutafuta. Ilinichukua karibu muhula mzima. Kosa lilipoondoka, na programu ikafunguka kwenye mashine zetu bila kuanguka, nikahesabiwa kuwa mmoja wao.

Nilimweleza baba habari hizo tukiwa tumeketi kwenye tuta la jaruba lake, maji yakiwa yamefunguliwa na mpunga bado mchanga.

"Mnamfanyia nani kazi hiyo?" akauliza.

"Yeyote anayehitaji. Wanaotafuta dawa, walimu, wanafunzi."

"Na mkubwa wenu ni nani?"

"Hakuna mkubwa hasa. Mtu akiona mahali pameharibika, anatengeneza, na wengine wanaangalia kama ametengeneza vizuri."

Akafikiri. "Ni kama kuzibua mfereji," akasema.

Huku Mwea, matope na magugu yakijaa kwenye mfereji, kila mwenye shamba hutoka na jembe lake na koleo lake, na maji yakishapita hayamuulizi mtu alichimba kiasi gani. Tangu siku hiyo jirani akimuuliza binti yake anafanya kazi gani Nyeri, alijibu kwamba anazibua mifereji ya kompyuta. Sikumsahihisha.

Mimi ni binti wake wa kwanza, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake. Kwa sababu hiyo hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, tangu nilipokuwa wa kubebwa mgongoni. Nyumbani tulizungumza Kikuyu. Ninapoandika hapa nimeyageuza maneno yake kuwa Kiswahili, isipokuwa hilo moja.

Alipoanza kuugua ulikuwa msimu wa kuvuna. Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa naenda darasani.

"Baba yako ameketi," akasema.

"Ameketi wapi?"

"Shambani. Watu wanavuna, yeye ameketi."

Sikumuuliza zaidi. Sikuwahi kumwona baba akiketi watu wakivuna. Siku mbili baadaye nilikwenda kumchukua. Nilimkuta amefunga suruali kwa kamba kwa sababu tumbo lilikuwa limevimba upande wa kushoto na mshipi haukumtosha tena, ilhali mabega na uso vilikuwa vimekonda. Usiku alikuwa akilowa jasho mpaka mama akabadilisha shuka. Alikuwa amenyamaza nalo jambo hilo kwa miezi.

Daktari aliyempokea Nyeri alikuwa mwanamke mtulivu mwenye sauti ya chini. Alimgusa baba chini ya mbavu, akasema ni wengu umevimba, kisha akamtoa damu. Tuliporudi kupata majibu alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Mzee, hii ni saratani ya damu," akasema. "Lakini ni ile aina iko na dawa. Si sindano, ni kidonge. Utakuwa unameza kila siku."

"Mpaka lini?"

"Siku zote."

Baba aliinamisha kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa masharti na kuyaona ni ya haki. "Siku zote ni sawa," akasema.

Ndipo daktari akanigeukia, akanitajia kwa Kiingereza jina la protini inayosababisha ugonjwa huo. Nilikuwa nikilijua. Kila mwaka nilifundisha juu ya protini hiyo. Ni mfano ambao walimu wengi huupenda, kwa sababu dawa yake inaingia ndani yake kwa namna inayoonekana wazi hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: nyuzi mbili za urithi zimekatika na kubadilishana ncha, protini imezaliwa isiyojua kunyamaza, inauamuru uboho utoe chembe nyeupe mchana na usiku, kisha kidonge kinakwenda kuketi ndani ya mfuko mdogo katikati yake, na amri inakoma. Nilikuwa nimeizungusha protini hiyo ukutani mbele ya wanafunzi nikaichora kwa rangi ya samawati, na dawa kwa rangi ya machungwa. Niliijua kama unavyoujua uso wa jirani. Na sasa nilikuwa nimeketi kando ya mtu aliyekuwa nayo kwenye damu, na mtu huyo ndiye aliyenilea.  Daktari akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa.

Dawa ilifanya kazi. Chembe zikashuka, wengu ukarudi mahali pake, mshipi ukafunga. Msimu uliofuata baba alisimama shambani kama zamani, ingawa alikuwa na uvimbe kuzunguka macho na misuli ya miguu ilimkaza jioni. Kila alipokuja kliniki alilala kwangu. Nilikuwa nimepanga nyumba juu kidogo ya Majengo, na asubuhi ukungu ulipokuwa umetanda hatukuona paa za mtaa ule, tulisikia tu watu wakifungua vibanda vyao.

Asubuhi moja, baada ya uji, alisogeza kikombe akasema, "Maitu, daktari amesema hiki kitu changu kina umbo. Ati wewe unalijua."

"Ninalijua."

"Nionyeshe."

Nilifungua kompyuta. Sijui kwa nini nilisitasita. Huenda ni kwa sababu darasani nilizoea kusema mengi picha inapotokea, na hapa sikuwa na la kusema. Protini ikajitokeza, nikaichora kwanza kama utepe uliojikunja, kisha nikaifunika kwa ngozi yake ili aone mabonde na vilima. Baba alivaa miwani, akasogea.

"Rangi hizi ni zake?"

"Rangi ni zetu. Chenyewe ni kidogo kuliko wimbi la mwanga, hakina rangi."

"Na dawa iko wapi?"

Nikaizungusha mpaka mfuko ukaelekea kwetu. Kidonge kilikuwa kimelala humo ndani, kirefu, chembamba, kimezungukwa pande zote. Nikamwonyesha kipanya, nikamwambia anaweza kuizungusha mwenyewe. Aliweka kiganja chake juu yake kwa uangalifu, kiganja kipana chenye nyufa za matope ya miaka mingi, na ile picha ikaanza kugeuka polepole. Aliigeuza kwa muda mrefu.  Nje ukungu ulikuwa umeanza kuinuka.

"Ni kizuri," akasema hatimaye. "Nisingependa kiwe kizuri."

Kisha akavua miwani. "Ningependa mama yako naye akione."

Hilo lilikuwa gumu kuliko alivyodhani. Mama hakuwa mtu wa kusafiri. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa na kuku, na kwake Nyeri ilikuwa mahali pa baridi ambako watu huenda kwa shida tu. Nyumbani Mwea hakukuwa na kompyuta, na yangu ilikuwa nzito, kuukuu, isiyokaa na chaji ikichomolewa. Simu ilikuwepo. Lakini programu yetu haikuwa ya simu. Ilikuwa imejengwa kwa mashine kubwa, kwa maabara, na ndani yake kulikuwa na tabaka za maandishi ya watu waliokuwa wameshaacha kazi hiyo zamani. Ningeweza kumpelekea picha iliyosimama. Baba alikataa.

"Picha iliyosimama ni kama kitambulisho," akasema. "Aone kinavyogeuka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo hakuna mwenzangu wa programu aliyekuwa amenituma. Nilimwandikia yule mzee kumwambia ninataka kujaribu kuifanya programu ifunguke kwenye simu ya kawaida, tena hata pasipo mtandao. Alinionya kwamba wawili kabla yangu walijaribu wakaacha. Sehemu inayochora ilibidi iandikwe upya. Vipimo vya atomu ilibidi vibanwe viwe vidogo. Ngozi ya protini, ambayo kompyuta huikokotoa kwa kufumba na kufumbua, iliifanya simu yangu ipate joto mpaka nikaogopa kuishika. Mvua za masika zilinipata katika kazi hiyo, zikaniacha humo. Baba alipokuja kliniki aliuliza, "Mfereji umefika wapi?" nami nilimwambia ulipofika.

Ulikuwa haujafika mbali dawa ilipoanza kushindwa.

Tulianza kuona kwenye vipimo. Chembe nyeupe zilipanda kidogo, kisha si kidogo. Daktari akaongeza dozi, hazikusikia. Akapeleka damu ya baba kupimwa mbali, tukasubiri majuma. Siku ya majibu alimwambia baba kwamba ugonjwa umejibadilisha, na dawa ile haiutambui tena. Alisema kwa upole, na kwa maneno ya kueleweka, kisha akanipa karatasi. Ilikuwa na herufi mbili na namba katikati. Sikuhitaji kuelezwa.

Tulipotoka, baba aliketi kwenye benchi la ukumbini, akaweka kofia juu ya goti.

"Daktari ameongea vizuri," akasema. "Lakini wewe ulisoma ile karatasi ukafunga macho. Niambie wewe."

"Ile protini imeundwa kwa vipande mia nyingi, kama shanga kwenye uzi," nikasema. "Kipande kimoja kimebadilika. Kimoja tu. Kilichokuwepo kilikuwa chembamba. Kilichokuja ni kinene zaidi, na kinakaa pale pale dawa inapopitia kuingia."

"Mlangoni."

"Mlangoni. Hata wanasayansi wanakiita hivyo, mlinzi wa lango."

 Kwa miaka mingi baba alikuwa amesubiri zamu yake ya maji kwenye malango ya mfereji, na alijua maana ya mtu anayekaa langoni.

"Kwa hiyo yule wa kwanza ameondoka, na huyu mpya hafungui."

"Hafungui."

"Sawa," akasema. Akavaa kofia. "Twende nyumbani. Na uje na hiyo simu yako, hata kama haijakamilika."

Haikuwa imekamilika. Nilikuwa na toleo la majaribio ambalo nisingemwonyesha hata mwenzangu wa ofisini. Tulishuka mpaka Mwea siku ya Jumamosi, tukibadilisha gari Kutus. Mama alikuwa ametandaza mpunga kwenye turubai uani, na alituketisha ndani ili kuku wasitufuate. Baba alimwita akae kando yake kwenye kochi. Nikaishika simu mbele yao. Programu ilifunguka, ikaganda, ikazimika. Nikaiwasha tena. Mara ya pili utepe ulijitokeza, ukakatikakatika, kisha ukatulia. Nilichagua kutoichora ngozi, nisiichoshe. Niliweka tu utepe, na mfuko, na kile kipande kinene kilichokuja, nikakitia rangi nyekundu.

"Gusa," baba akamwambia mama. "Kinageuka."

Mama alifuta kidole kwenye leso akagusa. Picha ikageuka. Akaondoa kidole haraka, halafu akakirudisha.

"Hiki ndicho kiko ndani yake?"

"Ni picha yake, mama. Chenyewe ni kidogo sana. Na viko vingi."

"Vingi kama nini? Kama mpunga ule?"

"Kuliko mpunga wote wa Mwea."

Aliitazama kwa muda. Baba alimwonyesha mahali dawa ilipokuwa ikiingia, na mahali ilipozuiwa, kwa ncha ya kidole chake kikubwa kilichofunika nusu ya kioo. Alimweleza vizuri. Alimweleza vizuri kuliko nilivyomweleza mimi pale ukumbini, kwa sababu alijua jambo analoliogopa mama na akaliruka. Hakusema kuhusu kufa. Alisema kuhusu lango.

Mama akanigeukia. "Na nyinyi mnaofanya hii kazi, mnaweza kukitoa?"

"Hapana, mama. Sisi tunakionyesha tu."

 Mama akainuka akaenda kugeuza mpunga, na tukausikia mkono wake ukipita juu ya turubai, mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Baba alibaki ameishika simu mpaka kioo kikajizima.

Kulikuwa na dawa nyingine. Daktari aliijua, nami niliijua kwa umbo. Wale walioitengeneza walikuwa wamelitazama lango hilo hilo, na yule mlinzi mnene, wakabuni kidonge chenye shingo nyembamba na nyoofu kinachopita pembeni yake bila kumgusa. Niliporudi Nyeri nilifungua kompyuta nikaiweka dawa hiyo ndani ya mfuko, na ikaingia barabara. Sijawahi kuona kitu kilichoniumiza kama usahihi ule. Nilikuwa nimeketi nyumbani kwangu natazama kitu kinachotoshea kabisa, na hospitali haikuwa nacho. Daktari aliandika barua, akapiga simu, akaandika tena. Nataka kusema wazi kwamba alijitahidi. Dawa hatimaye ilikuja.

Baba aliimeza. Baada ya majuma machache chembe zilianza kushuka, na daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu yale majibu. Lakini kusubiri kulikuwa kumemla. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Kukaja baridi ya Julai, kifua kikamshika, na homa ya mapafu haikuhitaji lango lolote. Alifariki hospitalini alasiri, mama akiwa amemshika mkono mmoja na mimi mwingine. Mama alikuwa amekubali kuja Nyeri. Maneno ya mwisho ya maana kwangu baba aliyasema siku iliyotangulia. Alifumbua macho akaniuliza, "Ile ya simu, imeacha kuzimika?"

"Inazimika mara moja moja, Baba."

"Wamalizie," akasema. Sikujua alimaanisha akina nani, na hakusema tena.

Tulimzika Mwea. Walimu wenzangu walikuja, na daktari pia, akasimama nyuma na viatu vyake vikajaa matope meusi.

Sisi tunaotunza programu hukutana mara moja kwa mwaka kwa njia ya mtandao. Kwanza hutajwa yaliyofanyika tangu mkutano uliopita, kisha yanayokusudiwa. Mwaka huo mkutano ulikuja majuma machache baada ya mazishi. Kwetu ilikuwa jioni, jua likizama. Nilikuwa nimefikiria kutohudhuria.

Yaliyofanyika yalikuwa makubwa. Programu sasa ilifungua maumbo yenye atomu nyingi mno ambayo zamani yangeizima papo hapo. Ilisoma pia maumbo ambayo hayajapimwa na mtu, yaliyobashiriwa na mashine, na iliyapaka rangi kuonyesha mahali pa kuamini na mahali pa kutilia shaka. Kila mmoja alieleza sehemu yake, nasi tukamshukuru. Kisha zikaja nia za mbele. Wengine walitaka miwani ya kuvaa inayomfanya mtu aingie ndani ya protini kama chumbani. Wengine walitaka chembe nzima ya mwili ichorwe, pamoja na kila kilichomo. Wengine walitaka mtu aiagize programu kwa kuzungumza nayo tu. Ilipofika zamu yangu, nilisema ninaomba toleo la simu liingizwe rasmi.

Mmoja wetu, mtu makini anayefanya kazi katika maabara kubwa, alisema bila ubaya, "Nguvu zetu ni chache. Ninauliza tu: nani hufanya utafiti kwa simu?"

Nilikuwa nimefungua kinywa kujibu pale adhana ilipoanza msikitini Majengo, karibu na kwa sauti kubwa. Nikaomba wanisubiri. Wakasubiri wote, nyuso zao ndani ya vidirisha vyao, mpaka ikaisha. Labda bila nafasi ile ningejibu kama mwalimu.

"Sijui kama ni utafiti," nikasema. "Baba yangu alikuwa na ile protini tunayoitumia kwenye mafunzo yetu, ile ya samawati. Alitaka mke wake aione. Kwetu kulikuwa na simu. Ndiyo maana."

 Kisha yule mzee aliyeanzisha programu akauliza, "Mama yako aliiona?"

"Aliiona."

"Na baba yako, ilimsaidia?"

Lilikuwa swali la haki, na nilitaka kulijibu kwa haki. "Haikumponya," nikasema. "Alifariki. Lakini alijua anaugua nini, na aliweza kumweleza mkewe yeye mwenyewe, kwa maneno yake. Sijui kama huko ni kusaidia. Aliomba, basi nikafanya."

Wakanipa pole, mmoja mmoja. Yule wa maabara kubwa alinipa pole pia, kisha akasema, "Hata hivyo lazima niulize nani atalitunza, toleo hilo likiingia. Litaharibika kila simu mpya zikitoka." Sikumchukia kwa swali hilo. Mfereji usio na mwenyewe hujaa.

"Mimi," nikasema. Na baada ya muda sauti nyingine, ya mwanamke wa Amerika ya Kusini ambaye sikuwa nimewahi kuzungumza naye sana, ikasema, "Na mimi. Wanafunzi wangu nao wana simu tu."

Likakubaliwa. Miwani ya kuvaa ilikubaliwa pia, ikapewa watu wengi zaidi. Nilikuwa nimeomba pia maandishi ya programu yawekwe kwa Kiswahili, na hilo liliahirishwa, kwa sababu nilipoulizwa maneno yenyewe ni yapi, nusu yake sikuwa nayo. Darasani kwangu sasa tunayatafuta. Wanafunzi hubishana. Wengine wanataka mfuko, wengine wanataka pango. Kwa lile lango hakuna aliyebisha.

Toleo lilitoka kabla ya mavuno yaliyofuata. Mavuno yalipokwisha nilikwenda Mwea nikaliweka kwenye simu ya mama, na nilikuwa nimejiandaa asikie uchungu. Niliuliza kama anataka nimwekee ile ya baba. Akatikisa kichwa kukataa. Mchele ulikuwa umerudi kutoka kinuni, mama ameuweka kwenye ndoo kando ya mlango, na nyumba nzima ilikuwa na harufu ya pishori mpya, mchele wa Mwea unaonukia.

"Harufu hii," akasema, "nayo ina umbo?"

"Ina umbo."

"Nionyeshe hiyo."

Nikaitafuta. Ni molekuli ndogo sana, atomu chache, pete moja yenye pembe tano na mkono mfupi uliochomoza pembeni. Baada ya zile protini kubwa ilionekana kama kitu kilichodondoka mezani. Mama aliishika simu mbali na uso, akaisogeza karibu, akaisogeza tena mbali. Akaigeuza kwa kidole gumba.

"Hii tu?"

"Hii tu."

"Na hapa chini pameandikwa nini? Sioni. Mmeandika kama watu wanaoficha."

Nilichungulia. Alikuwa amesema kweli. Kwenye kioo kidogo kama kile maandishi yalikuwa madogo kuliko punje, na sisi sote tuliolijaribu toleo lile tulikuwa na macho ya ujana. Nikamsomea kilichoandikwa. Kisha nikavuta kiti, nikatoa kwenye begi kompyuta ndogo niliyoazima chuoni, nikaanza kuangalia pa kurekebisha, yeye akiwa bado anaigeuza.